Fisi wa Rosemont: barua kwa dada aliye Miritini

Rosemont, Illinois
Desemba 2024

Dada yangu mpenzi,

Kwanza nikutoe wasiwasi: mwanao mzima. Anakula vizuri, swala hazimpiti, kazini wanamsifu na kodi ya nyumba analipa mwenyewe. Ile picha uliyorushiwa na jamaa yetu wa Mikindani, ya mtu aliyevaa kichwa cha fisi, ni yeye kweli. Uliniagiza nikifika nimtazame kwa jicho la mama, nisilainishwe kwa maneno matamu, halafu nikuandikie yote bila kuficha. Nimemtazama. Nimekwenda naye mpaka huko kwenyewe, nimekaa na wenzake, na hicho kichwa nimekishika kwa mikono yangu. Sasa keti, maana barua ni ndefu.

Rosemont ni mji mdogo ubavuni mwa uwanja wa ndege wa O'Hare, nje kidogo ya Chicago. Treni yao ya mjini, Blue Line, inapita katikati ya barabara kuu, magari yakikimbia kushoto na kulia, na Rosemont ni kituo kinachofuata tu ukitoka uwanjani. Baridi ya Desemba huku haina huruma. Ilipenya koti, sweta na leso mbili nilizojifunga ndani. Kwenye behewa letu alikuwamo mbweha: kijana mrefu mwenye masikio ya rangi ya chungwa na mkia mnono uliolala kwenye kiti cha pembeni, anasoma simu yake. Hakuna aliyemkodolea macho isipokuwa mimi. Mama mmoja alimwomba ausogeze mkia apate kukaa, naye akausogeza, akaomba radhi. Wakaendelea na safari.

Mkutano tuliouendea, wa wapenzi wa wanyama wa kubuni, unaitwa Midwest FurFest, na hufanyika kila mwanzo wa Desemba. Ulianza mwaka 2000 na watu wasiofika 400. Mwaka jana waliohudhuria walipita 15,000. Hoteli ya Hyatt Regency inajaa, hoteli za jirani zinajaa, na ukumbi mkubwa wa maonyesho ulio karibu, Donald E. Stephens, unageuka soko. Umeshauona umati wa kituo cha Miritini treni ya Nairobi inapoteremsha watu mkesha wa sikukuu? Basi ndio huo, na katikati yake mbwa mwitu, chui, sungura, mazimwi, paka wa rangi ya zambarau, na punda milia mmoja aliyekuwa akimsukuma rafiki yake kwenye kiti cha magurudumu.

Wenyewe hujiita mafari, yaani furries kwa Kiingereza. Nilidhani kila mmoja wao huvaa ngozi ya mnyama, lakini sivyo. Wengi huja na nguo zao za kawaida, labda na mkia au masikio, na kitambulisho shingoni chenye picha ya mnyama wao. Wapo wanasaikolojia waliowahoji mafari kwa miaka mingi, na wamekuta kwamba wengi hawana vazi kamili hata kidogo. Kitu ambacho karibu kila mmoja anacho ni mhusika: mnyama aliyemtunga mwenyewe, mwenye jina, tabia, rangi na historia. Humchora, humwandikia hadithi, na wenzake humwita kwa jina hilo. Mwanao huku wanamwita kwa jina la fisi wake, na jina lenyewe ni la Kiswahili. Nilipomsikia mzee mmoja wa Kimarekani mwenye ndevu nyeupe akilitamka taratibu, silabi baada ya silabi, ili asilikosee, roho yangu ilifurahi.

Dada, haya mambo si ya juzi. Mkutano wao wa kwanza ulifanyika Costa Mesa, California, Januari 1989, ukaitwa ConFurence, na waliofika walikuwa 65. Walikuwa wapenzi wa katuni na hadithi za kubuni waliochoka kukutana kwenye vyumba vya pembeni katika mikutano ya watu wengine. Ulaya walianza wao mwaka 1995, na siku hizi hukutana Hamburg, Ujerumani. Pittsburgh nako kuna Anthrocon, uliohamia mji huo mwaka 2006, na mafari wakitoka kwa maandamano wenyeji hujipanga barabarani na watoto wao. Nairobi kwetu kuna NAICCON, ambako vijana huvaa kama mashujaa wa katuni. Si kitu kimoja, lakini mwanao anasema mara ya kwanza kumwona mtu mzima aliyeshona vazi la mhusika wake na kulivaa hadharani bila aibu, alimwona kwenye picha kutoka Nairobi, angali mwanafunzi hapo Miritini.

Sasa nije kwenye fisi, maana najua hapo ndipo panapokuuma. Laiti angechagua simba, ungeshasahau. Nilimuuliza waziwazi: mwanangu, katika wanyama wote wa Mungu, umekosa mwingine? Nikamkumbusha yale tuliyokua tukiyasikia, kwamba wachawi huwatuma fisi usiku, na kwamba katika hadithi zote fisi ni mlafi, mjinga, mwoga. Hakukasirika. Aliniambia hizo hadithi ndizo zilizomfanya amwonee huruma tangu mdogo, kwamba kila hadithi inapoisha fisi hupigwa na watu hucheka. Alipokua akaanza kusoma. Akanisimulia habari za Hans Kruuk, mtafiti aliyekaa Serengeti na Ngorongoro na kutoa kitabu mwaka 1972, akionyesha kwamba fisi madoa huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake, na kwamba mara nyingi simba ndiye anayemnyang'anya. Akanisimulia pia utafiti wa Maasai Mara ulioanzishwa na Kay Holekamp mwaka 1988, wa Chuo Kikuu cha Michigan State, katika jimbo lisilo mbali na hapa. Watu hao wamefuatilia koo za fisi kizazi hadi kizazi. Wanaotawala ni majike. Mtoto hurithi cheo cha mama yake, na dume lililokomaa huuacha ukoo wake likaenda kuomba nafasi kwa wageni, likaanzia chini kabisa. Aliponiambia hilo la dume kwenda ugenini na kuanzia chini alinitazama, na hakuhitaji kuongeza neno.

Kwa sababu alianzia chini kweli. Kuna jambo hukuambiwa, na leo nakuambia. Majira yake ya baridi ya kwanza huku aliumwa homa ya mapafu. Alikuwa hana ndugu, wenzake wa kazini kila mmoja na lake. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amejiunga na kikundi cha mafari wanaokutana kila mwezi kuchora, kula pamoja na kucheza boling. Hao ndio waliomkimbiza hospitali usiku na kukaa naye zamu kwa zamu. Mmoja alijifunza kupika uji wa mchele kwa sababu ndicho kitu pekee alichoweza kumeza. Nilikutana na huyo mpishi. Ni msichana mnene, mpole, anayeona haya kuzungumza na watu, kazi yake ni kurekebisha mitambo ya lifti, na mnyama wake ni fuko. Nilimshika mikono nikamshukuru kwa niaba yako. Kiingereza changu kilinitoka vibaya kwa machozi, lakini alinielewa.

Nimekuahidi kichwa. Nilikaa nacho mapajani saa nzima chumbani kwake, nikakigeuza kila upande. Ndani ni sponji, ile ya magodoro, iliyokatwa vipande na kuunganishwa kwa gundi ya kuyeyusha mpaka ikatoka paji, mashavu na pua. Juu yake yamevutwa manyoya ya bandia na kushonwa kwa mkono, mshono umezama usiuone. Manyoya yakitoka dukani huwa marefu mamoja, hivyo huyanyoa kwa mashine ya kinyozi: mafupi kabisa puani, marefu kidogo shavuni, na shingoni ameyaacha yasimame kama ya fisi mwenyewe. Madoa ameyapaka moja moja. Taya limefungwa kwa mpira, akifungua mdomo wake na wa fisi unafunguka. Puani ameficha kifeni kidogo cha kompyuta chenye betri, apate hewa. Lakini kilichonishangaza ni macho. Sehemu nyeupe imezamishwa ndani, mboni iko nyuma zaidi, na matokeo yake popote utakapokwenda chumbani, fisi anakufuata kwa macho. Mboni zenyewe ni wavu mwembamba uliopakwa rangi kwa nje. Yeye huchungulia hapo, na haoni zaidi ya kipande kidogo cha mbele yake.

Ndiyo maana aliyevaa hatembei peke yake. Huwa na mwenzake wa kumshika mkono kwenye ngazi, kumwambia kuna mtoto miguuni, kumsogezea maji. Siku ya maandamano ya mavazi nilipewa mimi kazi hiyo. Nilimshika mwanao kiwiko tukapita ukumbi mzima, na mbele yetu na nyuma yetu wanyama kwa mamia, wengine wakicheza, wengine wakipunga tu. Wapo wasiosema neno wakishavaa, huzungumza kwa mikono na kichwa, na wapo wanaoropoka. Watu hawakumbatiani mpaka wameomba ruhusa. Hilo lilinipendeza sana. Unanyoosha mikono, unasubiri, mwenzio akikubali ndipo.

Baada ya maandamano tulikwenda kwenye chumba cha kupumzikia, ambako huvua vichwa. Hapo hakuna picha, kabisa. Kuna mafeni makubwa, mapipa ya maji ya kunywa, na mashine za kupuliza hewa ambazo vichwa huwekwa juu yake vikauke. Wanaingia chui na mbwa mwitu, wanatoka watu waliolowa jasho chapachapa: mwalimu, mwanajeshi mstaafu, mwanafunzi wa uhandisi, mama wa watoto watatu. Mwanao alivua, akanywa maji chupa mbili bila kupumua, akatazama saa, akapanda chumbani kuswali adhuhuri. Wenzake walimwekea kiti mpaka aliporudi.

Umetaka nisifiche, basi nisifiche. Yapo pia mambo ya watu wazima: michoro ambayo mimi na wewe hatungependa kuitazama. Huwekwa mahali pake, imefunikwa, na huuzwa kwa wenye miaka 18 na zaidi kwa kuonyesha kitambulisho. Nimemuuliza, akanijibu kama mtu aliyelelewa vizuri. Sina la kuongeza hapo.

La pili utalisikia kwa watu, afadhali ulisikie kwangu. Mwaka 2014, usiku wa kuamkia Desemba 7, kulisambaa gesi ya klorini kwenye ngazi za hoteli hii hii. Watu 19 walipelekwa hospitali, na polisi walilichukulia kuwa kosa la jinai. Hakufa mtu. Maelfu walitolewa nje kwenye baridi ya usiku, baadhi yao wamevaa mavazi yao, wakaingizwa katika ule ukumbi wa maonyesho wa jirani, ambako wikiendi hiyo kulikuwa na maonyesho ya mbwa. Wenye mbwa waliwapokea. Wazee waliokuwapo bado wanausimulia usiku huo, na wanachokitaja kwanza ni jinsi watu walivyogawana makoti. Siku hizi ulinzi ni mkali, nilikaguliwa kitambulisho kila nilipoingia.

Na kuna kisa kingine walichonisimulia, nikataka nikupe wewe, kwa kuwa najua unavyopenda watoto. Machi 2016 mafari wa Kanada walikuwa na mkutano wao, VancouFur, katika hoteli moja ya Richmond, karibu na Vancouver. Hoteli hiyo hiyo ilikuwa imewapa hifadhi ya muda familia za wakimbizi kutoka Syria. Waandaaji waliogopa kuwatisha, wakawaandikia wenzao wote wawe waangalifu. Watoto walishuka chini asubuhi wakakuta sungura na mbwa mwitu wa kimo cha mtu, na badala ya kukimbia waliwakimbilia, wakawakumbatia, wakacheza nao. Watoto waliotoka vitani, Dada. Mafari hukitaja kisa hiki kwa fahari kubwa, na mimi nasema wana haki.

Kwani sisi tulilelewa na nini? Nani alikuwa shujaa wa utoto wetu kama si Sungura? Na yule paa wa Sultani Darai, anayenunuliwa na maskini kwa pesa aliyoiokota jaani, akasema kama mtu, akamwoza bwana wake binti wa sultani, kisha bwana akamdharau alipougua? Bibi akifika hapo tulikuwa tukilia sote. Kisa hicho Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Unguja, na hakuna aliyewahi kumwambia bibi kwamba kumpa paa maneno ni upotovu. Nenda kusini kidogo, Wachewa wa Malawi, Zambia na Msumbiji wana Gule Wamkulu, ngoma ya vinyago ambamo watu huingia ndani ya umbo la mnyama, na UNESCO ikaitangaza kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005. Ile ni ibada ya wahenga na ina siri zake, hii ya Rosemont ni ya urafiki na mchezo, siwezi kuzifanya moja. Ila mtu kumvaa mnyama, mikono ya Kiafrika inaijua kazi hiyo tangu zamani.

Na mikono ya mwanao unajua ilifundwa wapi. Unakumbuka likizo zile alizokuwa akishinda Changamwe, pale kwa wachongaji wa Kikamba njia ya Port Reitz, ushirika wao ulioanzishwa mwaka 1963? Ulikuwa ukimfokea kwa vumbi la mbao kwenye shati. Alikuwa akikaa chini anatazama tu, kigogo kinatoka kifaru, kinatoka twiga. Ufundi ambao Wakamba husema uliletwa Wamunyu na Mutisya Munge, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, umefika Illinois kwa njia ya mtoto wa Miritini. Anasema mzee mmoja pale alimwambia amtafute kwanza mnyama kwenye paji la uso, mengine yatafuata, na hivyo ndivyo anavyokata sponji yake mpaka leo. Ameanza kuwatengenezea wengine kwa malipo. Vazi kamili la fundi mzuri huku huanzia kama dola 3,000 na kupanda, na kuna wanaosubiri foleni mwaka mzima. Hajafika daraja hilo bado, ila oda anazo.

Mkutano ulipokwisha alinipeleka Chicago mjini, kwenye makumbusho ya Field. Alisema kuna watu wa kwetu anataka niwaone. Ni wale simba wawili wa Tsavo, Dada, wale wa mwaka 1898, waliowala wajenzi wa reli. Wako ndani ya kioo, madume mawili yasiyo na manyoya shingoni, madogo kuliko nilivyowawazia. Patterson aliyewapiga risasi, mmoja Desemba 9 na wa pili Desemba 29, alizifanya ngozi zao mazulia nyumbani kwake kwa miaka kama 25, kisha mwaka 1924 akaliuzia jumba hili kwa dola 5,000. Ngozi zilikuwa zimechakaa, ndiyo maana wamepungua. Patterson alidai waliwala watu 135. Watafiti waliopima mifupa na manyoya yao miaka ya karibuni wamekadiria kama 35. Mwaka huu huu wa 2024 wametoa matokeo ya vinasaba vya nywele zilizonasa kwenye meno yao: twiga, choroa, kuro, nyumbu, pundamilia, na binadamu.

Nilisimama pale nikiwaza kwamba reli waliyokuwa wakiijenga wale maskini, wengi wao Wahindi walioletwa kwa mkataba, ndiyo ile ya zamani inayopita Miritini, ambayo tulikuwa tukiivuka kwenda shule. Nikawasomea fatiha waliokufa, kwa sauti ya chini. Mwanao alikuwa kando yangu. Akasema, "Mama mdogo, zulia lile alilazimika mnyama kufa ndipo lipatikane. Fisi wangu hakumgharimu mnyama yeyote ngozi yake." Kisha akaniambia kwamba kila mwaka mkutano wao huchagua shirika moja linalotunza wanyama na kulichangishia fedha, naye ana ndoto kwamba siku moja litachaguliwa moja la Kenya linalolinda fisi wasitiliwe sumu na wafugaji. Hilo la sumu ni kweli, huuawa wengi kwa njia hiyo.

Dada, mimi ni mdogo wako, sikuamrishi. Lakini nakuomba umpigie simu kabla ya wiki haijaisha, na usianze na fisi. Muulize juu ya ile homa ya mapafu, muulize jina la aliyempikia uji. Yeye anaogopa kukupigia kwa kuwa anadhani umeshamhukumu, nawe humpigii ukidhani hataki ushauri. Anakusudia kuja baada ya Idi, atashuka Nairobi kisha apande treni mpaka Miritini, na anaomba asikutane na kikao cha wajomba mlangoni. Ukiniuliza mimi, wajomba waambiwe wasubiri.

Jambo la mwisho, na hili ni la haraka. Ndani ya kichwa, kitambaa cha nailoni kinamchoma ngozi kwa jasho. Amejaribu vitambaa vya huku, havimfai. Nilimkatia kipande cha leso yangu tukakishona, akakaa nacho mchana kutwa bila kulalamika. Sasa wenzake nao wanataka. Nenda Mtaa wa Biashara umchagulie leso za pamba tupu, zile nyepesi, Mali ya Abdulla zikipatikana, jozi sita. Rangi za giza, zisionekane kwenye mdomo unapofunguka. Maandishi chagua wewe, ila yawe ya heri, maana atayasoma kila anapovaa. Kuna jirani yetu anasafiri kuja huku mwisho wa Januari. Namba yake nitakutumia kwa simu. Pesa nimeshampa mwanao akutumie kwa M-Pesa, na ikizidi chenji nunua unga.

Wasalimie wote nyumbani, na mama wa duka la pembeni mwambie dawa yake ya miguu nimeipata.

Nduguyo akupendaye